Chetezo cha Buluu chenye Mdomo wa Mama Mkwe

Ticul, Yucatán
9 Oktoba 1978

Mdogo wangu Eduviges,

Pokea salamu zetu sote kabla sijasahau, maana siku hizi nasahau. Huku tuzima. Mgongo wa wifi yako Delmira umetulia tangu aliposuguliwa mafuta. Nguruwe amekula kofia yangu ya harusi. Mama yetu bado anamwambia kila mtu sokoni kwamba binti yake ni daktari, watu wanamletea vidonda vyao, naye anawajibu wewe ni daktari wa mawe.

Mama mkwe wangu, Mama Chencha, yupo hapa nyumbani. Alikuja Pasaka, akasema atakaa wiki moja. Anaamka kabla ya kuku, anaweka kiti mbele ya joko langu na kuchungulia vyungu nikivitoa. Juzi alishika mtungi niliouhangaikia siku nzima akaniuliza, "Mkwe, huu aliukalia nani?"

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Nelia amepewa kazi ya shule. Anatakiwa aeleze wazee wetu walitengenezaje ile buluu iliyo kwenye kuta za mahekalu, ambayo imenyeshewa mvua karne na karne na bado inang'aa, wakati rangi niliyopaka mlango wangu mwaka jana imeshaondoka. Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo. Andika kwa maneno mepesi, mwalimu wake si mwerevu sana. Na ueleze pia kama inakaa kwenye chombo cha udongo. Nelia ameulizia hilo hasa.

Kaka yako,
Nemesio

---

Mji wa Mexico
30 Oktoba 1978

Shikamoo kaka,

Mimi sijambo ila baridi. Jirani wa juu amejinunulia tarumbeta na anajua wimbo mmoja, nao hajaumaliza hata siku moja. Kazini tuko salama. Mkuu wetu wa maabara ya makumbusho, Dokta Berlanga, bado anavaa tai mbili, moja ya asubuhi na moja ya baada ya chakula, kwa sababu ya mchuzi.

Nelia ana miaka minne. Katika barua yako ya mwezi wa nane uliniandikia kwamba amekula chaki. Basi mpe pole na kazi yake ya shule.

Lakini nitakujibu, kwa sababu tangu nipate kazi hii hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuniuliza ninafanya nini. Mama aliniuliza mara moja tu, akitaka kujua kama ni kazi ya kukaa.

Rangi ile ina wazazi wawili. Mmoja ni nili, ile inayotoka kwenye majani ya kichaka kinachoota nyuma ya nyumba ya mama. Mwingine ni udongo mweupe wa Sacalum, ule ule tuliokuwa tukikorogewa na maji tukiumwa tumbo. Nili peke yake ni kitu dhaifu. Ni kitu cha mmea. Jua linaila na tindikali inaimaliza. Udongo peke yake hauna rangi. Ukivisaga pamoja unapata unga wa rangi ya nguo iliyochakaa, na mvua ya kwanza inaondoka nao.

Kazi yote iko kwenye moto. Ukiutazama udongo ule kwa hadubini kubwa utaona umejaa vichochoro vyembamba ajabu, na ndani yake mmejaa maji. Ukiupasha moto wa wastani kwa muda mrefu, maji yanatoka na vichochoro vinabaki wazi. Hapo vipande vidogo kabisa vya nili vinajipenyeza midomoni mwa vichochoro na kung'ang'ania humo. Kuanzia hapo rangi inabadilika mbele ya macho yako. Ile buluu nzito inakuwa nyepesi na angavu, kama anga baada ya mvua, kwa sababu nili iliyoshikwa na udongo hainywi mwanga kama nili iliyo huru. Buluu hiyo haitoki kwenye jani peke yake wala kwenye udongo peke yake. Inatokea pale viwili hivyo vinapokamatana. Udongo unailinda nili, na mvua au tindikali ikija haiifikii.

Nili iwe kidogo sana, udongo uwe mwingi. Moto usiwe wa joko lako, utaiunguza. Tumia joto la tanuri baada ya mikate kutoka. Ukizidisha, sehemu ya nili inageuka manjano, na manjano ikichanganyika na buluu unajua mwenyewe unapata nini.

Mwambie Nelia asichezee moto. Na mwambie baba yake asitengeneze kitu chochote akakiita cha kale.

Mdogo wako,
Duvi

---

Ticul
12 Novemba 1978

Duvi mdogo wangu,

Salamu nyingi, na tumekukumbuka siku ya chakula cha marehemu. Tulimwekea baba sigara zake na kile kinywaji alichokikana maisha yake yote.

Nelia anashukuru kwa maelezo. Amejaribu kidogo. Alichuma majani, akayaloweka mpaka yakanuka, akapata nili yake, akasaga na udongo mweupe. Ila hakuwa na tanuri la mikate. Bahati nzuri tulikuwa tumechimba shimo la kuokea ile mikate mikubwa ya mahindi yenye kuku ndani, mawe yamewaka vizuri. Akafunga unga wake kwenye jani la mgomba akauweka pembeni, mbali kabisa na chakula. Karibu mbali kabisa.

Jani lilipasuka.

Mama Chencha ndiye aliyekata mkate wa kwanza, maana hapendi mtu mwingine aguse kisu. Kulikuwa na giza la jikoni, hakuona. Akala, akasifu, akala tena. Tukaenda makaburini. Padri akaanza sala, na Mama Chencha, ambaye husali kwa sauti kuliko padri, akafungua mdomo kuimba.

Meno yote yalikuwa ya buluu, mdogo wangu. Ulimi pia.

Mjane wa fundi viatu alipiga ishara ya msalaba. Watoto wakakimbilia nyuma ya makaburi. Yeye akadhani wanaguswa na sauti yake, akaongeza. Ni Delmira aliyemvuta kando na kumpa kioo.

Tulipofika nyumbani akaweka kiti chake mbele yangu akasema, "Nilimwambia binti yangu aolewe na yule wa posta."

Tena akasema, "Yule wa posta ana pikipiki."

Meno yalisafika baada ya siku chache. Yeye hajasafika. Kila nikiinua kichwa namkuta ananitazama, mdomo umepinda kushoto. Nimeshindwa kula mbele yake. Natazama mdomo ule tu.

Nelia anauliza alikosea wapi.

Kaka yako,
Nemesio

---

Mji wa Mexico
4 Desemba 1978

Shikamoo kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Nilisoma barua yako kazini, nikacheka mpaka Dokta Berlanga akatoka ofisini kwake kuniuliza kama nimevuta gesi. Mpe Mama Chencha pole yangu ya dhati. Hatadhurika. Amekula nili na dawa ya tumbo, basi.

Kosa ni maji. Shimo lile lina mvuke wa kuku na majani. Vichochoro vya udongo havikupata nafasi ya kukauka, kwa hiyo nili ilibaki nje, huru, ikitafuta mahali pa kushika, na ikakuta meno. Joto liwe kavu.

Jirani sasa amejifunza nusu ya pili ya wimbo. Ilikuwa afadhali zamani.

Wako,
Duvi

---

Ticul
25 Februari 1979

Mdogo wangu,

Salamu. Tumemaliza sikukuu salama, nguruwe hayupo tena, alikuwa mtamu. Mama amepata miwani na sasa ana maoni kuhusu kila kitu.

Niache kumsingizia mtoto. Ni mimi.

Nimefaulu, Duvi! Nilimwomba mwoka mikate wa kona aniachie tanuri kila akimaliza. Mara ya kwanza nilifanya haraka, nikapata kijani, kijani kibaya cha kinyesi cha kasuku. Mara ya pili nikapata kahawia. Mara ya tatu nilifunua chungu nikaita watu. Ilikuwa kama umekata kipande cha anga ukakisaga. Hata mwoka mikate alivua kofia.

Nikaijaribu. Nikaisugua kwa maji ya ndimu, haikutoka. Nikaiwekea dawa ya kufulia, haikutoka. Binamu yetu Porfirio akanipa maji ya betri ya lori lake. Nikayamwagia. Kidole kiliungua, suruali ikatoboka, rangi ikabaki imeng'ang'ania pale inanicheka.

Nimeipaka kwenye kitu kimoja nilichokuwa nimekifinyanga wakati wa hasira. Si kitu cha maana. Mpita njia mmoja, Bwana Evelio Rosado wa Mérida, anayenunua nunua vitu, alikiona akakipenda, amekichukua.

Kuhusu hicho kitu sina zaidi. Joto limeanza.

Nemesio

---

Mji wa Mexico
18 Juni 1979

Shikamoo kaka,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi. Hongera kwa rangi! Ningependa kuiona. Hata mimi sijawahi kuitengeneza vizuri kiasi hicho, yangu hutoka na mabaka.

Sasa nisikilize, maana sina mwingine wa kumwambia ambaye ataelewa. Mwezi uliopita makumbusho yaliletewa chetezo. Kikubwa, cha udongo, cha kuchomea uvumba, chenye uso wa Chaac mungu wa mvua, na chote kimepakwa buluu. Vingi tunavyopata vimebakia na madoa tu. Hiki kinang'aa kana kwamba kimetoka tanurini jana.

Nilikwangua chembe nikaitia tindikali kali. Haikubadilika. Nikaitazama kwa hadubini, nili imo ndani ya udongo mweupe, imekaa barabara. Nikaandika ripoti yangu: "Buluu halisi ya wahenga." Dokta Berlanga alinishika mkono mbele ya watu wote. Kitawekwa ukumbi mkubwa mwezi wa tisa, na mimi nitasimama pale nieleze asili ya rangi yake. Nimeshanunua viatu.

Uso wenyewe ni wa ajabu. Nimeona sanamu nyingi za Chaac, zote zimekasirika kama miungu. Huyu amekasirika kama mtu aliyeambiwa chakula kimekwisha. Mdomo umepinda upande wa kushoto. Kila nikipita mbele yake najisikia kuomba radhi na sijui kwa nini. Chini ya kitako pamekwaruzwa, sijui na nini. Aliyekileta ni bwana mmoja mpole sana wa huko kwetu Yucatán, anasema kilikutwa pangoni.

Mwambie mama. Mwambie safari hii si mawe, ni chombo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Duvi

---

Ticul
2 Julai 1979

Mpendwa mdogo wangu Eduviges, binti wa baba yetu,

Nakusalimu kwa salamu nyingi sana. Huku mvua zimeanza. Jumatatu ilinyesha asubuhi. Jumanne ilinyesha mchana. Jumatano kulikuwa na mawingu ila haikunyesha. Kuku wa jirani ametaga yai lenye viini viwili. Porfirio amenunua betri mpya. Delmira anakusalimu, mama anakusalimu, mwoka mikate anakusalimu ingawa hamjuani.

Nimefurahi kusikia habari za viatu.

Nilitaka kuuliza jambo dogo tu la elimu. Hiyo tindikali yenu, inaweza kujua rangi ina umri gani? Au inajua tu kama imetengenezwa vizuri? Nauliza kwa kupenda kujua.

Na huyo bwana mpole, je, ana jino la dhahabu?

Mama Chencha anakusalimu. Nakuomba usimtumie picha yoyote ya kitu chochote.

Kaka yako anayekupenda sana,
Nemesio

---

Mji wa Mexico
10 Julai 1979

Kaka,

Ana jino la dhahabu.

Nimekwenda tena mbele ya chetezo, nikakaa nacho mpaka mlinzi akanifukuza. Nimekumbuka mdomo ule niliuona wapi. Niliuona kwenye harusi yako, mama mkwe wako alipokunyang'anya kisu cha keki.

Usiniandikie habari za mvua. Niandikie neno moja tu. Ni wewe?

Duvi

---

Ticul
29 Julai 1979

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Nimekuwa nikilitafuta neno hilo tangu barua yako ifike, na kila nikilishika linanitoka. Sasa limeandikika, acha nimalizie.

Nilikifinyanga wiki ile ile ya meno. Nilikuwa na hasira mpaka mikono inawaka. Nikasema kama yeye ananitazama kila siku, basi na mimi nitamtazama. Nikamtia kwenye udongo kama alivyo, mdomo na nyusi na yote, halafu nikamwongezea pua ya Chaac ili asijijue. Nilikusudia kumcheka peke yangu humo karakanani. Basi.

Rosado alipokuja nilimwambia wazi, "Hiki ni kipya, nimekitengeneza mimi." Nilichora N na U kitakoni kama ninavyochora kila chombo. Akasema, "Hakuna shida, fundi, ni cha kupamba sebule." Duvi, hayo makwaruzo ni jina langu.

Sikujua kitafika kwako. Katika makumbusho yote ya dunia hii, mikononi mwa dada yangu!

Sasa lililo baya zaidi. Delmira alisoma barua yako ya mwisho. Akanibana, nikasema. Naye hawezi kumficha mama yake kitu hata kwa dakika moja. Nilijificha nyuma ya joko nikisubiri kelele. Hazikuja. Mama Chencha aliuliza tu, "Kiko mji gani?" Akaingia ndani, akavaa nguo yake iliyotariziwa maua, akafunga kapu. Delmira akamwambia, "Mama, safari ni ndefu, utaumia." Akasema, "Sanamu yangu iko huko peke yake na watu wasionijua."

Amepanda basi jana. Barua hii inakimbizana naye, na mimi nawajua wote wawili, atashinda yeye.

Nisamehe viatu.

Nemesio

---

Mji wa Mexico
16 Agosti 1979

Shikamoo kaka,

Alishinda. Barua yako ilinikuta siku mbili baada yake.

Nataka ujue kwanza kwamba sikuhitaji jibu lako. Nilijua tangu nilipoukumbuka ule mdomo. Kwa wiki tatu kila asubuhi nilipanda ngazi nikisema leo ninamwambia Dokta Berlanga, na kila mchana nilikuta amevaa tai ya pili na ana furaha, nikasema kesho. Ripoti ina jina langu. Nilikuwa nimeulizwa chombo ni cha lini, nikajibu rangi imetengenezwaje. Tindikali inagonga tu mlango wa udongo kuona kama umefungwa. Haijali kama ulifungwa zamani za wafalme au mwezi wa pili nyuma ya duka la mikate. Nililijua hilo vizuri, nikalisahau kwa ajili ya kushikwa mkono mbele za watu.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa ukumbini tukipima taa, mimi, Dokta Berlanga, na wageni wawili wenye suti kutoka wizarani. Chetezo kiko juu ya kinara chake. Mlango ukafunguliwa, mlinzi anarudi kinyumenyume akisema, "Bibi, tafadhali, bibi," na nyuma yake Mama Chencha, kapu kichwani, maua kifuani, vumbi la nchi nzima miguuni.

Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kinara, akatua kapu, akasimama ubavuni mwa chetezo na kukitazama. Kisha akatugeukia sisi, akitaka kujua nani ana dhamana.

Kaka, ulifanya kazi nzuri. Ilikuwa kama kuona mtu na kivuli chake. Mdomo kushoto, mdomo kushoto. Nyusi, nyusi. Bwana mmoja wa wizarani alitazama huku, akatazama kule, akatoa miwani akaifuta.

Dokta Berlanga akauliza polepole, "Mama, samahani, wewe na hiki chombo mna uhusiano gani?"

"Ni mimi," akasema. "Pua si yangu. Pua ameongeza mkwe wangu."

"Mkwe wako?"

"Nemesio wa Ticul. Kaka yake huyu," akaninyooshea kidole. "Hujambo Duvi. Umekonda."

Berlanga akanigeukia. "Dokta Uicab, ulijua?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mama Chencha mwenyewe alikuwa amenitazama kwa macho ya kunipa nafasi. Nikasema, "Kwa wiki tatu. Rangi ni halisi, Dokta. Chombo hakina hata mwaka mmoja. Nilikosea kuandika, kisha nikakosea kunyamaza."

Alifungua tai. Nadhani hakujua anafanya nini, aliifungua akaishika mkononi. Wageni wa wizarani wakatoka. Mama Chencha akaona ni wakati wa chakula, akafungua kapu juu ya meza ya taa, akatoa maandazi ya mahindi yenye mayai na mchuzi wa mbegu za maboga. Akamwambia Berlanga, "Kula baba, umekuwa mweupe." Naye akala. Akala amesimama, na mchuzi ukamdondokea kwenye shati kwa sababu tai haikuwapo.

Yaliyofuata ni haya. Maonyesho yameahirishwa. Nimeondolewa kazi ya kupima vitu vipya mpaka mwakani, na mbele ya mkutano wa maabara nilisimama nikasoma kosa langu kwa sauti, nimevaa vile viatu. Vinabana. Rosado anatafutwa. Wewe utaitwa Mérida kutoa maelezo. Nenda, sema ukweli wote na ueleze kuhusu N na U. Chini ya mwanga wa pembeni mkia wa U bado unaonekana, nimewapigia picha.

Na Berlanga hakukivunja wala hakukirudisha. Amekiweka chumba kidogo cha elimu, watu waone rangi inavyotokea jani na udongo vikikutana motoni. Kibao kimeandikwa: *Kimetengenezwa na Nemesio Uicab, Ticul. Sura ni ya Bi. Crescencia Dzul.* Alikuwa ametaka kuandika "sura ya Chaac." Mama Chencha alikataa kuondoka mpaka kibadilishwe na jina lake lote liandikwe.

Alilala kwangu siku nne. Alipanda juu akasema na mwenye tarumbeta, sijui alimwambia nini, hajapiga tena. Usiku wa mwisho alikuwa anakunja nguo yake akaniambia, bila kunitazama, "Mume wangu hakuwahi kunipiga hata picha moja. Alisema mashine itavunjika. Huyu mkwe wangu, mimi nikimwona hana maana, kumbe alikuwa ananitazama."

Nikamshikia kapu.

Kwa hiyo nakuomba. Mimi nimekiri yangu, na ilinibidi. Lakini hili la kwamba ulimfinyanga kumcheka, usimwambie. Usije ukashikwa na uaminifu ukaenda kumwaga yote. Mwache na alichokiona.

Mdogo wako,
Duvi

---

Ticul
9 Septemba 1979

Mdogo wangu Duvi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amesikia umesimama mbele ya mkutano, anasema wewe ni kama baba, yeye pia alikuwa na aibu lakini alikuwa anaivaa mchana, watu wote wakiiona. Nilikwenda Mérida. Waliniuliza maswali asubuhi nzima, nikachora N na U zangu kwenye karatasi yao mpaka wakachoka, wakaniachia niende. Rosado wamemkuta Campeche akiuza gari.

Mama Chencha alirudi na picha ya kibao, aliyopigiwa na yule mlinzi. Ameipeleka kwa mjane wa fundi viatu, kwa padri, kwa mwoka mikate. Ameipeleka hata posta, akamwonyesha yule mwenye pikipiki, akamuuliza, "Wewe umetengeneza nini maishani?"

Nilifanya ulivyoniomba. Sikusema neno. Lakini ilikuwa kazi, Duvi. Alikuwa ananiwekea nyama iliyo nzuri kwenye sahani. Ananiita "baba." Kila alipofanya wema mimi nilizidi kuinama, mpaka Delmira akadhani mgongo wake umenihamia.

Jana asubuhi alikuja karakanani kama kawaida, akaweka kiti. Nilikuwa na udongo mbele yangu, nazungusha mtungi ambao haukuwa na nia ya kuwa mtungi. Akatazama kwa muda.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ulinifinyanga ile wiki ya meno."

Gurudumu likasimama lenyewe. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umenikasirikia."

Nikafikiria barua yako. Nikafikiria nyama nzuri. Lakini alikuwa ameshainamisha kichwa kidogo kunitazama usoni, na mimi sijawahi kuweza kumdanganya yule mama. "Sana," nikasema. "Nilitaka nikucheke."

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu nilipouona ule mdomo. Mtu hatengenezi mdomo vile kwa mapenzi." Akapangusa vumbi kwenye magoti yake. "Lakini alama zote za uso wangu zimo. Hata hii ya kuungua, ambayo mama yangu tu ndiye alikuwa anaijua iko wapi."

Nikazungusha gurudumu tena.

"Huo unaofanya sasa ni nini?"

"Mtungi, mama."

"Mbaya," akasema. "Una furaha, ndiyo maana. Ukiwa na furaha unafinyanga kama umelala." Akainuka, akabeba kiti chake, akafika mlangoni akageuka. "Nataka kingine, pua yangu mwenyewe, na hereni. Kesho nitakuja kukukasirisha mapema, uanze kabla jua halijawa kali."

Kaka yako,
Nemesio